Mbwa Asiyeguswa na Mwenyewe

Kibao cha HATARI MBWA MKALI kilitundikwa getini kwa Hamed kabla mbwa mwenyewe hajafika. Nakumbuka kwa sababu nilimcheka. Mimi na yeye tunapakana hapa Kerege, mimi upande wa mihogo, yeye upande wa ukuta, na siku ile fundi rangi alipomaliza kuandika nilimuuliza huyo mkali yuko wapi, au ni yeye mwenyewe. Akanijibu kwamba anakuja. Hakutabasamu, na Hamed siku nyingine zote alikuwa mtu wa utani, basi nikajua hapa pana jambo.

Hamed bin Nassor ni mtu wa Dunda, mjini Bagamoyo. Ukoo wao ni Waarabu wa Omani, wamekaa pale tangu mababu, wanauza misumari, bati, rangi na koki za maji. Si matajiri wa kutisha. Ni mtu mfupi, mabega membamba, sauti ya taratibu, na shikamoo yake haibagui, hata sisi tuliokuwa tukipita na majembe begani tulipata. Alipojenga hapa, kando ya barabara ya Dar es Salaam, watu walisema Mwarabu amekimbia mji. Walisema kwa masihara tu.

Habari yenyewe niliipata kwa mkewe, Raya, siku moja tukichambua mchele. Hamed alipokuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, wezi wenye mapanga waliingia nyumbani kwao, nyuma ya duka, wakati wanaume wa mtaa wako msikitini. Mzee Nassor, baba yake, alikuwa amebaki kwa sababu ya homa. Mtu ambaye Dunda nzima ilimwamkia alipigwa makofi mbele ya mkewe mpaka kofia ikadondoka, akapigishwa magoti aseme funguo za kasha ziko wapi. Hamed alikuwa chumba hicho hicho, chini ya kitanda. Aliona miguu ya wale watu na aliona magoti ya baba yake sakafuni. Hakutoka. Walipoondoka akaruka dirishani, akazunguka uchochoroni, akaingia kwa mlango wa mbele kama mtu anayetoka kusali. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mzee aliishi miaka michache baada ya hapo akafariki kwa maradhi yake, na hilo neno halikuwahi kutajwa. Hamed alimweleza Raya mara moja, akamkataza asilirudie, naye akalirudia kwangu, maana Raya hana mtu mwingine wa kuongea naye nyuma ya ule ukuta.

Basi Komando alipofika, ndani ya kizimba nyuma ya pikapu, mimi sikuuliza tena. Alikuwa mweusi, kichwa kipana kama kinu, na kifua kilichomfanya atembee ameachanisha miguu. Mbwa wetu wa Kerege wanabweka wakiwa wanarudi nyuma. Huyu hakubweka kwanza, alikutazama.

Niseme kweli, wezi wapo. Viwanja vimeuzwa, watu wasiojuana wamejenga, na kila mwenye ukuta anaamini mwizi anauangalia ukuta wake tu. Mbwa wa kulinda hata shehe alimwambia Hamed ruhusa. Lakini ingekuwa ni kulinda tu, angebaki ndani. Jumapili jioni Komando alitolewa barabarani na mlinzi, mnyororo shingoni, bodaboda zikipunguza mwendo, vijana wakitoa simu kupiga picha, na Hamed akitembea nyuma umbali wa kutosha, mikono mgongoni, uso umeinuliwa. Kwenye kahawa Dunda wenzake walikuwa wanasimulia mbwa kama zamani walivyosimulia magari: huyu wake katoka nje ya nchi, huyu wake anakula kilo ngapi za nyama. Hamed, ambaye maisha yake yote alikuwa kijana wa Mzee Nassor, akaanza kuitwa bosi. Nilimwona akirefuka. Na kuku wangu wawili waliporuka ukuta wakaliwa, alinilipa mara mbili ya bei, akaomba radhi vizuri sana, na machoni alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Ilinikera kuliko hao kuku.

Sasa, kuna kitu ambacho wenye mbwa wa mahali pengine hawatakielewa. Sisi Waislamu wa pwani mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito. Yakikugusa unaosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, ndipo usali. Hamed ni mtu wa sala tano, kwa hiyo mbwa wake hakuwahi kumgusa hata kwa kidole. Hakumlisha, hakumwogesha, hakumwita karibu. Kazi yote ilikuwa ya Shuaibu, mlinzi aliyetoka Msata. Shuaibu naye anasali, ila yeye alisema maji yapo na udongo upo, akatenga suruali ya mbwa na suruali ya msikitini, maisha yakaendelea. Alimsugua Komando mgongo, alimtoa kupe, alimpeleka kwa chanjo, alimwambia habari za nyumbani kwao. Komando alikuwa na mtu mmoja duniani, na mtu huyo si aliyemnunua.

Niliwahi kumwambia Hamed hivyo. Akasema, "Bi Tabia, yeye anajua hapa ni kwa nani."

Mtu pekee aliyemkosesha raha ni mama yake. Bi Thuwaiba miguu ilikuwa imemchoka, nyumba ya Dunda ina ngazi, na Hamed alikuwa amemjengea chumba cha chini, choo ndani, dirisha linaloangalia mihogo yangu. Kitanda kipya kilikuwa mle, godoro bado limo kwenye nailoni. Bi Thuwaiba alikataa kuja. Nyumba yenye mbwa, alisema, malaika wa rehema hawaingii, na yeye umri wake ni wa kuwahitaji. Hamed akamletea jibu la shehe, kwamba wa kulinda hana ubaya. Mama akamuuliza, "Kwani huyo wako analinda, au anatisha?" Hamed alilala Kerege siku hiyo bila kula, Raya ndiye aliyeniambia. Ndivyo ilivyokuwa kwa zaidi ya mwaka. Alitaka vyote viwili, mama chumbani na mbwa uani, na hakuwa tayari kuacha kimoja.

Mwishowe Bi Thuwaiba alilegea. Hitima ya kila mwaka ya kumrehemu Mzee Nassor safari hii ingesomwa Kerege, naye angekuja, na angekuja na mkoba wake wa nguo. Sharti lake moja: asimwone huyo mnyama wala asisikie pumzi yake. Akiridhika atalala. Asiporidhika, alisema, atarudi Dunda na hatarudi tena Kerege mpaka abebwe.

Asubuhi ya siku hiyo Shuaibu akapigiwa simu, ami yake amefariki Msata. Msiba hauombewi ruhusa. Kabla hajaondoka alimwonyesha Hamed kila kitu, na mimi nilikuwepo, nimekuja na sufuria zangu mapema. Ampe chakula kabla watu hawajajaa. Aongee naye kwanza ili asishtuke. Asinyanyue fimbo mbele yake, maana huko alikotoka alifundishwa kwa fimbo. Na akishafunga banda asukume komeo mpaka lilie. Hamed aliitikia kila neno kama mtu anayepewa maelekezo ya njia anayoijua.

Akaenda akaoga, akatawadha, akavaa kanzu nyeupe, akapaka udi. Ndipo akakumbuka chakula cha mbwa. Mimi nilikuwa uani na kina mama wengine, tumewasha mafiga, nakaanga vitunguu vya pilau, nikamwona anakuja na ndoo ameishikia mbali na mwili. Banda liko pembeni mwa ukuta, mlango wa chuma na komeo la chuma, na lile komeo Komando alikuwa na tabia ya kulilamba. Lilikuwa linameta mate. Hamed alilifungua kwa ufito wa mwanzi. Akaisukuma ndoo ndani kwa ufito, akausukuma mlango kwa ncha ya kiatu, kisha akasimama, ameikunja kanzu kwa mkono mmoja, akalirudisha komeo kwa ufito ule ule. Halikulia. Akautupa ufito, akaangalia mikono yake mbele na nyuma kuwa imesalimika, akaenda zake kupokea wageni.

Mimi nilikuwa na mwiko mkononi na vitunguu vinataka kuungua. Nilijiambia kafunga vizuri.

Watu wakaja. Wanaume wakakaa ukumbini na juzuu zao, kisomo kikaanza, na Komando, ambaye hajawahi kusikia sauti nyingi namna ile wala kukosa ya Shuaibu, akaanza kujirusha. Anarudi nyuma, anakuja na kifua, mlango unapiga. Kila ukipiga natazama, na kila nikitazama naona komeo limesogea. Kidogo tu, upana wa ukucha. Nikamwonyesha mwenzangu Mwanvita aliyekuwa akikoroga mchuzi. Akasema mlango wa chuma ule, acha woga. Mlango ukapiga tena. Sasa niliona mwanga pale ambapo komeo lilitakiwa kujificha.

Mwanamke haingii kwenye kisomo cha wanaume, lakini nilisimama kwenye mlango wa ukumbi mpaka Hamed akaniona. Akanipungia nisubiri. Nikabaki pale pale. Akatoka amekunja uso, juzuu bado mkononi, akauliza kuna nini.

"Banda umefunga?"

"Nimefunga mwenyewe, Bi Tabia."

"Kwa mkono au kwa ufito?"

Alinitazama. Nadhani alielewa, kwa sababu aligeuza macho kuelekea uani. Na hapo hapo honi ikalia nje, ya gari la kukodi kutoka Dunda, na mtu mwingine akawa ameshafungua geti. Hamed alikimbilia getini badala ya bandani. Simlaumu, mama yake alikuwa anashuka.

Nilikwenda mimi. Nilikuwa na hasira zaidi kuliko ujasiri, na hasira ilinifikisha nusu ya uwanja. Komando alinitazama kupitia nondo, halafu akaacha kunitazama, masikio yakasimama, akawa anaangalia nyuma yangu. Kule getini Bi Thuwaiba alikuwa amesimama ndani ya buibui lake jeusi, amechoka na safari, na ili mwanawe amshike mkono aliunyanyua mkongojo wake akauelekeza kwenye nyumba, anauliza chumba ni kipi.

Mlango ulifunguka kama haujawahi kufungwa. Nilisikia upepo wake miguuni kwangu. Komando hakunigusa, hakugusa nyama iliyokuwa kwenye sinia, alikwenda moja kwa moja kwenye ule mkongojo.

Kina mama wakapiga yowe. Bi Thuwaiba hakupiga yowe wala hakukimbia, miguu ile ingekimbilia wapi. Na Hamed, mkoba wa mama mkononi, alisimama. Naapa nilimwona alivyosimama. Macho yalikwenda chini ya gari. Magoti yakaanza kukunjika, na nikajua mwili wake unataka kufanya kitu kile kile ulichofanya Dunda, kwa sababu kuna nafasi pale chini ya gari na mtu mfupi anaenea. Nilimchukia na nilimhurumia kwa pamoja.

Kisha mkoba ukaanguka. Hamed alimrukia yule mbwa ubavuni, na kanzu nyeupe, na udhu wake, na yote, wakaanguka wote wawili hapo mavumbini miguuni kwa mama yake. Alimkumbatia shingo. Komando aligeuka, na aliyemwona alikuwa mtu ambaye hajawahi kunusa hata mkono wake. Akamuuma kama anavyomuuma mgeni yeyote. Meno yaliingia mkono wa kushoto chini ya kiwiko, yakabaki humo. Hamed alilia kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, lakini shingo hakuiachia. Wanaume wakatoka ukumbini na viatu mkononi, wamekuja na viti, na mtu mmoja ameokota ufito. Nikampigia kelele autupe.

Raya ndiye aliyekuwa na akili. Alikuwa ameshapiga simu, amewasha sauti kubwa, akaja nayo mpaka pale, akaiweka karibu na kichwa cha mbwa. Kule Msata watu walikuwa wanasikika wakisoma. Sauti ya Shuaibu ikatoka taratibu, haina haraka yoyote.

"Komando. Basi baba. Mimi hapa. Achia."

Mbwa akaachia. Alikaa chini, damu ya Hamed mdomoni, akaanza kuzungusha kichwa kumtafuta Shuaibu, nyuma ya gari, nyuma ya miguu ya watu. Akalia kidogo, kama mtoto. Mimi simpendi mbwa, lakini nilipata uchungu.

Hamed aliinuka. Mtu alitaka kumsaidia, akamzuia. Alimshika Komando ukosi kwa mkono mzima, akamvuta uwanja wote, Raya akienda pembeni na ile simu, Shuaibu bado anasema maneno yake ya upole. Akamwingiza bandani. Akafunga mlango kwa goti, akashika komeo kwa kiganja, mate na damu, akalisukuma. Likalia.

Gari lililomleta mama liliwashwa lile lile limpeleke hospitali. Bi Thuwaiba akasema hataondoka mtu hivyo, mkono uoshwe kwanza. Tukamkalisha Hamed kwenye kibao cha mbuzi ya nazi karibu na bomba, uso umegeuka rangi ya majivu. Mimi nilitumwa udongo safi, nikauchimba shambani kwangu. Nesi alikuja kutugombeza baadaye kwa habari ya udongo, ingawa alikiri kwamba maji mengi na sabuni ndivyo inavyotakiwa, lakini wakati ule hakuna aliyefikiria nesi. Bi Thuwaiba aliletewa kiti. Watu wakataka kumpokea kopo, akakataa, akachota mwenyewe. Alitupia jicho mkoba wake uliokuwa bado chini, umekanyagwa.

"Raya," alisema, "upeleke chumbani, usikae juani."

Hamed aliinua kichwa akamtazama, akainamisha tena. Maji yakamwagika kwenye mkono, mara ya kwanza, ya pili. Alianza kusema kwamba amekosa, kwamba alimnunua huyu mnyama kwa sababu siku ile ya wezi yeye hakuwa msikitini. Alilisema hilo akiangalia maji yanavyoingia mchangani. Mbele yangu, mbele ya mkewe, baada ya miaka yote ile. Bi Thuwaiba alinipokea udongo, akaupaka pembeni mwa jeraha taratibu kwa vidole vyake viwili, akaumwagia maji.

"Najua ulikuwa wapi," alisema. "Kanzu yako ilikuwa imetokeza chini ya kitanda. Nilisimama mbele yake wasiione."

Hamed aliinua macho kutoka kwenye maji.

"Na baba yako aliiona. Ndiyo maana alipiga magoti upesi, wamwangalie yeye. Wote wawili tulikuwa tunaomba kitu kimoja tu, usitoke."

Nilikuwa nimeshika kopo la akiba na sikujua niangalie wapi. Hamed alilia, si kwa mkono. Alilia mabega yake membamba yakitikisika, na kule bandani Komando alikuwa amenyamaza kabisa, pua kwenye nondo. Alipoweza kusema alisema Shuaibu akirudi kutoka msibani amchukue mbwa, ni wake, aende naye Msata kwenye mbuzi zao.

"Hayo baadaye," alisema mama yake, akachota tena. "Bado mara nne. Lete mkono."